Glavu ya Kushoto ya Tauno Heikura

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ngazi, chini kidogo ya zamu za sauna, na lilikuwa na adabu tele. Adabu hiyo ndiyo iliyomchoma Tauno Heikura. Lingemtukana waziwazi, angejua pa kuanzia. Lakini lilisema tu kwamba nguzo ya umeme iliyo kati ya gari la Heikura na la mwenyekiti "imeharibiwa kwa bahati mbaya na mmoja wa wakaazi", kwamba halmashauri ya jengo haioni sababu ya kuitengeneza, kwamba mahali pake patawekwa mtambo wa kuchajia magari ya umeme, na kwamba wote wanakaribishwa kikaoni Alhamisi. Kahawa itakuwepo.

"Mmoja wa wakaazi!" Tauno alifoka peke yake pale kwenye ngazi, sauti ikapanda hadi ghorofa ya juu. "Kwani jina langu lina miba? Si angeliandika tu!"

Hakuna aliyefungua mlango. Jengo zima lilimjua anayesemwa, na jengo zima lilikuwa limeshaamua kwamba ni yeye.

Huku Kajaani, mji wetu wa kaskazini ya mbali, kuanzia Novemba mpaka theluji ianze kuoza, magari hulala yamefungwa kwenye nguzo kama mbuzi. Kila nguzo ina soketi mbili na saa chini ya kifuniko chake. Jioni unachomeka waya wa gari lako, unaitegea saa muda wa kuondoka, na alfajiri umeme unaanza kuipasha injini wewe ukiwa bado unakoroma. Gari jipya likiukosa umeme huo hulalamika kidogo kisha likawaka. La Tauno halikuwa jipya. Lilikuwa Pijo 504 ya dizeli, nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi, iliyomzidi umri mwenyekiti mwenyewe, bwana Jouni Pikkarainen. Baridi ikishuka nyuzi thelathini chini ya sifuri, oili ya injini ile ilishikana kama uji uliolala. Bila umeme haiwaki, hata uibembeleze vipi.

Tauno alikuwa dereva wa teksi maisha yake yote, kituo chake pale mbele ya stesheni ya reli, na Pijo ile ndiyo teksi yake ya mwisho. Alipostaafu aling'oa taa ya juu ya paa, akaziba tundu, akaendelea kuiendesha. Kiangazi watu wa klabu ya magari ya zamani walikuja kuizunguka wakiwa na mikono mgongoni, wakaipigapiga kwa vidole, kisha wakaanza kumhubiria. Kwamba kuiendesha gari kama hii kwenye chumvi ya barabarani ni dhambi. Kwamba wao yao huingia ghalani mwezi wa Oktoba, yakapandishwa juu ya magogo, yakafunikwa shuka, yasiguswe mpaka Mei. Mmoja alimpa hata nafasi ghalani kwake, bure.

"Asante," Tauno alimjibu. "Siku nitakayotaka kulizika nitakuita. Gari si maiti, bwana."

Na hakuwa akiropoka, kwa sababu kazi yake aliifanya. Kila vuli alilala chali chini ya Pijo akilipaka tumbo lake oili chafu mpaka mifupa yake mwenyewe ikalia. Mipira ya milango aliipaka gliserini isigandamane na bati. Kwenye buti aliweka magunia mawili ya mchanga, maana Pijo husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma kukiwa kwepesi utakwenda mwendo wa kaa. Grili aliifunika kadibodi, akiacha tundu dogo tu la waya wa hita. Breki ya mkono hakuigusa kuanzia theluji ya kwanza, kwa kuwa ikiganda imeganda, na mjinga peke yake ndiye huivuta. Betri ilikuwa ikilala ndani, kwenye ukumbi wa nyumba yake, kando ya viatu. Kila jioni aliipandisha ngazi akiwa ameikumbatia, na kila asubuhi akaishusha, na ole wake mtu wa kumwambia, "Mzee, nikusaidie?"

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Lahja.

Lahja ni mke wake. Alikuwa kwenye nyumba ya wazee kule Paltamo, upande wa pili wa ziwa, tangu mwaka juzi ugonjwa wa kusahau ulipomfikisha mahali pa kutoka nje na gauni la kulalia kwenye theluji. Jina la Tauno lilikuwa limeshamtoka. Sura yake nayo ilikuja na kupotea. Lakini sauti ya dizeli ile haikumtoka. Tauno alipokata kona ya mwisho na Pijo ikaanza kukohoa kwenye mlima mdogo wa kuingilia, Lahja, ambaye pengine hakuwa amesema neno tangu kifungua kinywa, aliinuka, akatafuta koti, akawaambia manesi, "Teksi yangu imefika." Kisha alikaa siti ya nyuma kama abiria wa heshima, wakaenda mpaka ukingoni mwa ziwa, wakanywa kahawa ya chupa, wakarudi. Kila siku ya Mungu.

Mara moja Pijo ilikuwa gereji na Tauno akaenda kwa basi. Lahja alimtazama kama muuza brashi aliyeingia bila kubisha. Akamnong'oneza nesi kwamba kuna mwanamume chumbani na yeye hamjui. Tauno alikaa robo saa kwenye kiti, kofia mkononi, akaondoka. Tangu siku hiyo alilielewa jambo lake vizuri: bila nguzo hakuna dizeli, na bila dizeli yeye si mume wa mtu. Hilo hakumwambia yeyote. Wanaume wa huku hawasemi mambo ya namna hiyo kwenye ngazi.

Sasa kuhusu ile nguzo. Ijumaa moja asubuhi, baridi ikiwa kali kweli, simu ililia kutoka Paltamo. Lahja alikuwa amesimama mlangoni na koti lake tangu alfajiri, hataki kukaa, hataki kula. Tauno alitoka mbio, betri kifuani. Aliifunga betri, Pijo ikawaka kwa hasira yake ya kawaida, akarudi kinyumenyume kutoka kwenye nafasi yake. Palikuwa na mtikisiko mdogo, gurudumu likakanyaga kipande cha barafu, akaona ni hivyo, akaenda zake. Aliporudi mchana aliikuta nguzo imeinama kama mlevi, kifuniko kikining'inia, soketi nje, na waya wake umelala kwenye theluji. Kando yake amesimama Jouni Pikkarainen, mikono mfukoni, uso umejaa huruma.

"Tauno bwana. Leo uliondoka kwa haraka, eh?"

"Niliondoka kama ninavyoondoka siku zote."

"Si neno, si neno. Hutokea. Hata marehemu baba, alipofika umri huo wako..."

"Baba yako nilikuwa namfikisha nyumbani kila Jumamosi amelewa chakari, na viatu nilimvua mimi. Usinifundishe umri, Jouni."

Pikkarainen alicheka, lakini masikio yalimwiva.

Inafaa msomaji ajue uzito wa tuhuma yenyewe. Kwetu huku mtu anaweza kufilisika, akaachwa na mke, akaanguka kanisani mbele ya askofu, na watu wakasahau. Aliyeondoka na waya bado umechomekwa hasahauliwi. Kuna Koponen mmoja mtaa wa pili aliyefanya hivyo wakati simu zilikuwa bado za ukutani, na mpaka leo anaitwa Koponen wa Waya. Wajukuu wake shuleni ni wajukuu wa Koponen wa Waya. Na kwa dereva wa teksi, aliyelala na kuamka na waya maisha yake yote, aibu hiyo ni mara mbili.

Na Tauno alijua kwamba si yeye. Alijua kwa sababu ya glavu.

Ulikuwa ujanja wake mwenyewe. Jioni akishachomeka waya, alivua glavu ya kushoto akaivisha kichwani mwa nguzo. Asubuhi, katika baridi ile, hakuna binadamu anayeondoka na mkono mtupu. Ataifuata glavu yake, na akiifuata ataukuta waya. Glavu zenyewe alizifuma Lahja, sufu ya kijivu yenye nyota nyekundu, na hakuna nyingine kama hizo mjini. Ujanja huo aliuanza Lahja alipohamia Paltamo. Kabla ya hapo haukuhitajika, maana Lahja alikuwa na tabia mbaya ya kufungua dirisha dogo la jikoni kila asubuhi, akiachia joto lote litoke, na kupaza sauti uwanja mzima usikie: "Tauno! Waya umeuchomoa?"

"Nimeuchomoa, mama! Mimi si mtoto!" alijibu Tauno, miaka nenda miaka rudi, huku majirani wakichekea kwenye skafu zao. Tabia hiyo ilikuwa ikimuudhi kupita kiasi.

Basi Ijumaa ile alipofika Paltamo alikuwa na glavu zote mbili mikononi. Nesi aliziona, tena alizisifia. Kama glavu ilikuwa mkononi, ilitoka kwenye nguzo. Kama ilitoka kwenye nguzo, yeye alifika kwenye nguzo. Na kama alifika, waya aliuchomoa. Hata mahakama isingepata pa kumkamatia.

Aliyeiangusha nguzo ni mwingine, na Tauno hakukawia kumpata. Nani aliyenunua gari la umeme msimu wa vuli? Pikkarainen. Nani aliyeomba mtambo wa kuchajia kwenye mkutano wa Novemba akakataliwa na bibi wote wa jengo? Pikkarainen. Gari lake linalala upande gani wa nguzo? Tauno aliinama akalichunguza bampa lile, na mwenyewe akamkuta ameinama.

"Umepoteza kitu, Tauno?"

"Natafuta aibu yako. Sijaiona."

Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama upande wake. Huyo ni Hilkka Moilanen, mjane wa ghorofa ya chini, aliyehamia kutoka pwani kabla kidogo ya Krismasi, na ambaye mikate yake ya iliki ilinukia mpaka kwenye ngazi. Alipomsikia Tauno akifoka mbele ya tangazo alitoka na aproni yake.

"Hasira hasara, Tauno. Njoo unywe kahawa. Gari si linahitaji umeme tu? Umeme hata mimi ninao."

Wakapitisha waya mrefu kupitia dirisha la jikoni la Hilkka, ufa wakauziba kwa taulo, na Pijo ikawaka. Mama wa watu alikaa na baridi jikoni kwake bila kulalamika, akipika amevaa koti. Siku ya pili ukaja ujumbe wa mwenyekiti, wenye adabu kama kawaida: nyaya madirishani haziruhusiwi, ni hatari ya moto, anasikitika. Anasikitika! Tauno aliusoma ujumbe huo mara kadhaa akitafuta neno moja la ukweli ndani yake.

Siku ya tatu Pijo haikuwaka. Wala ya nne. Alikaa ndani yake akiusikiliza ule mlio wa starta unaofifia, pumzi yake ikiganda kwenye kioo, akaupiga usukani ngumi, kisha akaiomba msamaha. Nesi alipiga simu kusema Lahja yupo dirishani na koti lake. "Anasema teksi siku hizi haziaminiki," nesi alisema, akijaribu kulifanya jambo la kuchekesha.

Alhamisi ikafika. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha chini, kando ya sauna, kwenye harufu ya majivu na sabuni ya nguo. Watu walikaa kama wanavyokaa wa kwetu, kila mmoja akimwachia mwenzake kiti kitupu katikati, vikombe magotini. Pikkarainen alieleza mambo ya mtambo. Alisema "wakati ujao" na "manufaa ya wote". Hakumtazama Tauno hata mara moja.

Tauno alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la teksi, lile lenye vifungo vya shaba.

"Mwenyekiti, wewe umemaliza? Haya. Mimi sina mchoro wala rangi za kuwaonyesha. Nina swali. Kwenye tangazo umeandika mmoja wa wakaazi. Nani?"

"Tauno, hatuko hapa kumtafuta mchawi."

"Mimi niko hapa kumtafuta! Nimeendesha teksi mji huu kabla hujazaliwa. Wake zenu nimewapeleka kujifungua, wazazi wenu nimewapeleka kuzikwa, na baridi haijawahi kunikuta sikuwaka. Waya sijaung'oa hata siku moja. Hata moja! Leo nakuja kuitwa mzee aliyepungukiwa, kwenye karatasi, chini ya zamu za sauna!"

"Hakuna aliyesema umepungukiwa," alisema mtu nyuma, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi.

"Umesema wewe, na wewe, na huyu hapa anayejifanya anakoroga kahawa. Sasa nisikilizeni. Kila jioni naivisha nguzo glavu hii." Akaivua, akaipandisha juu, nyota nyekundu zikaonekana. "Asubuhi siondoki bila kuifuata. Ijumaa nilifika Paltamo nayo mkononi, nesi shahidi. Basi glavu ilirudije kwangu kama sikufika kwenye nguzo? Iliruka? Ina mbawa? Aliyeipiga nguzo ile ni mwenye faida nayo. Anapataka mahali pale tangu Novemba, akakataliwa, akaona bora airudishe gari yake nyuma taratibu, kisha amsingizie mzee. Nyani haoni kundule, Jouni Pikkarainen!"

Pikkarainen aliweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza adabu ilimtoka.

"Unaniita mwongo mbele ya majirani?"

"Nakuita kwa jina lako."

"Tauno," Hilkka Moilanen alisema kutoka pembeni. Alikuwa amesimama kumtetea, uso umemwiva kwa kuogopa kusema mbele za watu. "Tauno anasema kweli jamani. Huyu si mtu wa kusahausahau. Labda mnamwona hivyo kwa vile siku nyingine anaangusha vitu. Kila mtu huangusha. Hiyo glavu yenyewe aliidondosha, mtu akamwekea pale juu ya nguzo, mimi nikaiona Alhamisi ile jioni, mkesha wa Ijumaa yenyewe, nikitoka dukani. Nikaijua kwa zile nyota. Nikasema maskini, asubuhi ataitafuta kwenye baridi hii, nikampandishia, nikaitundika kwenye kitasa cha mlango wake. Lakini kuangusha glavu si kuharibu nguzo!"

Alikaa, amefurahi kwamba ameweza.

Hakuwa na kosa. Glavu ikiokotwa kwenye theluji, huku kwetu huvishwa juu ya kitu chochote kilichosimama, tawi, uzio, nguzo, ili mwenyewe aione apitapo. Kila mtoto anajua. Hilkka aliona glavu juu ya nguzo akasoma kile ambacho kila mtu angesoma, kisha akaongeza wema wake juu yake. Hakuna aliyemweleza habari ya ujanja wa Tauno, kwa sababu Tauno hakumweleza mtu.

Tauno alibaki amesimama, glavu bado hewani. Alikiona kitasa. Alijiona akitoka mbio na betri kifuani, simu ya Paltamo ingali inalia kichwani, akiichomoa glavu pale mlangoni na kuivaa huku akishuka, bila kuuliza imefikaje. Alikumbuka ule mtikisiko, na barafu ambayo haikuwa barafu.

Angeweza kunyamaza. Nusu ya waliokuwepo hawakuwa wameunganisha mambo, na Hilkka ndiye wa mwisho ambaye angeunganisha. Aliishusha glavu.

"Ni mimi," alisema.

"Tauno..."

"Nimesema ni mimi. Glavu ilikuwa kwenye kitasa. Sikufika kwenye nguzo. Niliondoka na waya." Akamgeukia mwenyekiti, na kila neno lilimtoka kama jino. "Na wewe nimekusingizia mbele za watu. Yule nyani niliyemtaja, ndiye mimi. Nakuomba radhi."

Hilkka aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Pikkarainen alikuwa mtu wa kawaida, si mbaya, na ushindi ulimlainisha papo hapo. Alinyoosha mkono, akatabasamu lile tabasamu la hospitalini. "Yamekwisha, Tauno. Tusiliandike hata kidogo. Sote tutazeeka. Tumwache mzee wetu apumzike, na..."

"Liandikwe!"

Vikombe vilicheza magotini.

"Liandikwe kwa jina langu lote, na ulibandike pale mlangoni! Mimi sikuomba kusamehewa uzee, nimeomba radhi kwa kosa. Ni vitu viwili tofauti. Niiteni Heikura wa Waya, watoto waimbe, nitaitika! Lakini nguzo imekosa nini? Niadhibuni mimi, msiiadhibu nguzo. Bila nguzo gari haliwaki, na gari lisipowaka..." Alitazama vifungo vyake vya shaba. "Mke wangu ananisubiri. Ananijua kwa mlio wa gari tu. Basi."

Akakaa. Hakuna aliyemtazama, na hiyo kwetu ndiyo heshima. Bibi mmoja wa ghorofa ya juu aliuliza, kama anayeuliza habari ya ratiba ya kufulia, kama nguzo haiwezi kubaki na soketi moja ya Heikura, na ile nyingine igeuzwe ya kuchajia. Fundi wa umeme, mtoto wa dada yake, alishawahi kufanya hivyo kwingine. Mikono ikapanda. Wa Pikkarainen ulipanda wa mwisho, lakini ulipanda.

Tauno alitoka bila kunywa kahawa. Alikuwa amepata alichokitaka na alikuwa na hasira kuliko alipoingia. Hilkka alimfuata ngazini akilia, akisema amemponza, ni yeye, ni kiherehere chake.

"Nyamaza, Hilkka. Ulinifanyia wema."

"Sasa mbona umenuna hivyo?"

"Kwa sababu siwezi hata kukukasirikia! Unafikiri ni rahisi?"

Fundi alikuja Jumamosi. Jumapili asubuhi Tauno aliifuata glavu kwenye nguzo, akauchomoa waya, akautazama mkononi, akautazama tena, akaondoka. Pijo ilikohoa moshi mweusi mpaka daraja la pili kisha ikatulia. Njia nzima alikuwa akiwajibu watu wa kikao, kwa sauti, na majibu yalikuwa mazuri kuliko aliyoyatoa pale.

Lahja alikuwa mlangoni na koti lake. "Teksi yangu imefika," alimwambia nesi, na kwa Tauno, "Umechelewa sana, dereva." Akapanda nyuma, akaweka mkoba magotini.

Kabla ya kuondoka Tauno akammiminia yote, akimtazama kwenye kioo: tangazo, zamu za sauna, Pikkarainen na marehemu babake, dirisha la jirani, kitasa, mikono iliyopanda. "Mzee wetu, ananiita! Mimi! Eti tumwache apumzike! Nani kamwambia nimechoka? Miaka yote hiyo, mji mzima, sijaung'oa waya hata mara moja, na mara moja hiyo moja..."

Lahja alikuwa akitazama theluji nje kama mtu anayesubiri redio imalize matangazo. Tauno alikata maneno. Aliingiza gia ya nyuma.

"Tauno!" Sauti ilitoka siti ya nyuma, kali, ile ya dirishani. "Waya umeuchomoa?"

Kwenye uwanja ule hapakuwa na nguzo. Palikuwa na theluji tu, na ziwa lililoganda. Tauno alifungua mdomo ajibu kwamba yeye si mtoto, jibu lake la siku zote, na halikutoka. Alirudisha gia. Akashuka, akaenda mpaka mbele ya gari, akainama kwenye kadibodi ya grili, akapitisha mkono pale waya unapokaa. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, mpaka uso wake ukafaa kuonekana.

Kisha akarudi, akafunga mlango.

"Nimeuchomoa, mama," alisema.

"Haya. Endesha basi."